Ngozi Isiyo na Kichwa

Ngozi ya ng'ombe ikishakauka hainuki, mpaka ilowe. Hii iko barazani kwangu hapa Bariadi tangu juzi, imeegemezwa ukutani kama mgeni ambaye hajakaribishwa ndani, na jana mvua ya upepo ikaipiga. Leo asubuhi nimefungua mlango nikapokewa na harufu yake: moshi, majivu, chumvi na mnyama. Nikasimama na mswaki mdomoni. Mimi, mwanamke mzima, mwalimu wa fizikia ninayeogopwa na darasa zima, nikajikuta ni msichana wa kidato cha tatu, nimelala kifudifudi juu ya ngozi hii hii, nalia mpaka kwikwi.

Niseme mapema usije ukaningoja angani bure: sikuwa rubani. Nilitaka. Nilitaka kwa namna ile ambayo mtoto anaitwa kula hasikii. Na kwa miaka kadhaa nilikuwa na njia ya kufika huko, ingawa kwetu hakukuwa na tajiri wala mtu anayemjua tajiri. Njia yangu ilikuwa na miguu minne na mkia.

Kama ulikulia kwenye mpunga kama mimi, hujasahau kuamia ndege. Kule kwetu Kiloleli kazi hiyo tulipewa watoto, kwa sababu sauti zetu ni kali na hakuna anayezionea huruma. Unapanda kichanjani jua halijachomoza. Una kombeo, madonge ya udongo, debe bovu la kugonga, na mbele yako kuna kwelea kwelea, ndege wadogo ambao mmoja hajazi hata kiganja, lakini wakishuka kundi zima wanakuachia mabua matupu. Msimu mmoja mama alikuwa amelazwa, baba anahangaika naye, na kaka yangu Shija yuko shule ya bweni. Shamba likaachwa mikononi mwangu. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka, nikabaki kugonga debe. Hata usiku nikilala mkono ulikuwa unarusha kombeo.

Jioni moja ikaja ndege ya serikali ya kunyunyizia dawa. Bwana shamba alikuwa amepita nyumba hadi nyumba kutuonya tusisogee kwenye matete walikolala wale ndege, wala tusiokote watakaokufa tukala. Nikaitazama kutoka kichanjani. Ilishuka chini sana, ikapita juu ya matete, ikalala ubavu, ikageuka, ikarudi tena. Kazi iliyonimaliza msimu mzima ikaisha kabla ugali haujaiva. Nilihisi wivu kwanza, kusema kweli. Halafu nikataka kuwa mle ndani.

Kesho yake nikamuuliza bwana shamba ni nani aliyekuwa anaiendesha.

"Rubani," akasema. "Mtu tu kama wewe. Amesomea."

"Na mimi naweza kusomea?"

Akacheka, akamtazama baba aliyekuwa amesimama pembeni. "Ile ni shule ya matajiri, binti. Mzee hapa auze zizi zima, na bado."

 Lakini mpunga ulipokwisha kuvunwa na mama amerudi nyumbani, baba akatuita uani. Shija alikuwepo, likizo. Alikuwepo pia Baba Mdogo Masanja, mdogo wake baba, aliyekuja kutoka Lalago kutusaidia kubeba magunia. Baba akamshika shingoni mtamba mmoja mwekundu, mwenye doa jeupe usoni lililopinda, kama aliyemwagiwa maziwa akakwepa nusu.

"Mpunga huu ameuokoa Kabula," akasema. "Huyu ni wake. Akizaa, uzao ni wake. Atausomea huo urubani."

Baba Mdogo akashika kiuno. "Kaka, unampa ng'ombe mtoto wa kike? Si huyu ndiye atakayetuletea sisi ng'ombe?"

"Huyu ataleta ndege," baba akamjibu, na wote wakacheka, mimi nikicheka kuliko wote.

Ng'ombe aliyetolewa kwa mdomo mbele ya watu, kwetu, ametolewa. Hakuna karatasi, na hakuna anayeitaka. Nikamwita Rubani. Wakati huo niliamini kwamba rubani hununua ndege yake mwenyewe kama mtu anavyonunua baiskeli, kwa hiyo nikapanga kila kitu: ndama wa kwanza atatoa matairi, wa pili bawa moja, wa tatu bawa la pili. Kilichokuwa kinanisumbua ni wapi tutaiegesha, maana uani kwetu kulikuwa na mti wa mkwaju.

Kiloleli malisho yalishaliwa na mpunga na pamba, ndiyo maana Rubani akapelekwa Lalago kwa Baba Mdogo. Ndivyo tunavyofanya tangu zamani: ng'ombe unampa ndugu mwenye nafasi akutunzie, yeye anakunywa maziwa, na siku moja moja unamkatia ndama kwa shukrani. Ng'ombe akifa, mtunzaji anakuletea ngozi. Ukishaona ngozi, maneno yameisha. Humuulizi mtu alikuwa wapi wala alimlishaje, unasema asante, mnaendelea kuwa ndugu. Kila likizo nilikwenda Lalago na chumvi mfukoni. Rubani alinijua. Alikuwa anaacha wenzake anakuja kulamba kiganja changu, na ulimi wake ulikuwa unakwaruza kama msasa.

Akazaa jike, akazaa tena jike, na yule wa kwanza naye akabeba. Wakati huo nilikuwa sekondari na mambo ya matairi na bawa yalishaniisha. Mwalimu mmoja aliniulizia, akaniambia kwamba si lazima ulipe yote kwa mpigo. Masaa ya kuruka unaweza kuyalipia kidogo kidogo, unaruka, unasimama, unatafuta, unaruka tena. Niliposikia hivyo niliona Mungu amenifikiria mimi hasa. Ningeuza mmoja nikaanza. Waliobaki wangezaa wakati mimi najifunza. Wenzangu walikuwa wanafuga ng'ombe, mimi nilikuwa nafuga masaa ya kuruka. Nilifaulu fizikia kwa hasira, nikajifunza majina ya mawingu, na mtu akiniuliza nitalipiwa na nani nilijibu kwa maringo: "Na mimi."

Kisha ukaja ule ukame. Wa Simiyu mnaukumbuka. Maswa yote ng'ombe walikuwa wanadondoka njiani, na wanunuzi wa ngozi wakafika mahali wakakataa kununua. Jioni moja nikiwa likizo, Baba Mdogo Masanja akashuka kwenye basi na furushi limefungwa kamba. Nililijua kabla hajalitua.

"Pole, ng'wanone," akaniambia. Mwanangu. "Wamekwisha. Mama na watoto wake. Hawa wadogo ngozi zao hazikufaa. Nimekuletea ya mama."

Ilikuwa nyekundu, na tumboni ina weupe kidogo. Nikaigeuza huku na huku kwa sababu kulikuwa na kitu nilichokuwa nakitafuta.

"Mbona haina kichwa?"

"Kichwa huwa hawachunagi," akasema baba haraka, kutoka nyuma yangu.

Ni kweli. Ngozi nyingi huja bila ya kichwani, hata mtoto wa kwetu anajua, ila mimi nilitaka lile doa lililopinda. Nilipogeuka kumtazama baba, alikuwa ametazama ukuta na mabega yake yanatetemeka. Nikawaza, masikini baba, ameumia kuliko mimi. Nikaenda nikamshika mkono. Nikambembeleza, mimi! Kwa miaka mingi nilikuwa namhesabia baba machozi yale kama deni langu kwake.

Shija ndiye aliyeitengeneza ile ngozi. Aliitandaza uani, akapigilia vigingi pembeni kuivuta, akaipaka majivu na chumvi, akaisugua kwa jiwe siku baada ya siku mpaka ikalegea. Kisha akaja nayo chumbani kwangu akaitandika chini.

"Lalia hapa," akasema. "Usimsahau."

Nilimpenda kaka yangu siku ile kuliko nilivyowahi kumpenda mtu. Wakati huo huo alikuwa anajiandaa kuoa. Mchumba wake Milembe alitoka vijiji vya kule kule karibu na Lalago, msichana mpole anayecheka kwa mkono mdomoni, na watu walishangaa baba amepataje mahari katika mwaka ambao mazizi yalikuwa yamefutika. Baba alisema alikuwa na akiba ya ng'ombe kwa rafiki. Mimi nilikuwa msibani kwangu, sikuuliza ng'ombe gani, wala rafiki gani.

Sikukata tamaa, na hapa ndipo hasira inaponipanda hadi leo. Niliporudi likizo nilikuwa nachukua dagaa Kalemela nawatembeza kwa baiskeli mpaka vijiji vya ndani. Nililima vibarua vya pamba. Nilichuma pamba za watu mpaka vidole vikachanika. Ni kama kujaza kisima kwa kijiko, nilijua, lakini nilitaka angalau saa moja tu ya kuruka, nikakae humo ndani nione. Na baba alikuwa ananisaidia. Asubuhi alinifungia tenga la dagaa kwenye baiskeli mwenyewe, akaikaza kamba, akajaribu kama inacheza, akaniambia, "Mungu anaona jasho lako, ng'wanone." Huyo huyo. Kwa mikono ile ile.

Nilipomaliza kidato cha nne, nikingoja matokeo, mama akaniambia twende kwa wakwe zake Shija. Milembe alikuwa amekwenda kujifungulia kwao, kama ilivyo kwa mimba ya kwanza, na tulitakiwa tumpelekee mchele na nguo za mtoto. Niliona mama hataki sana niende. Alinitafutia kazi za kubaki nazo nyumbani, lakini mzigo ulikuwa mkubwa, na hakuwa na mtu mwingine.

Tulifika mchana. Tukapiga magoti kumsalimia baba yake Milembe, mzee mrefu, mkarimu, anayependa kusikika.

"Mwadila, baba."

"Mwadila, mayu. Mhola?"

"Mhola."

Tukamwona mtoto, tukambeba, tukala. Jioni ng'ombe wakarudi kutoka malishoni. Mvua zilikuwa zimerudi na walikuwa wananenepa. Nilikuwa nimekaa mlangoni na mtoto wa Shija mapajani nilipoliona lile doa. Jeupe, limepinda, limeishia juu ya jicho la kushoto. Nikadhani nimechoka. Nikampa mama mtoto, nikasimama, nikaita kwa sauti ndogo.

"Rubani."

Akasimama. Akageuza kichwa, akaacha wenzake. Kiganjani sikuwa na chumvi ila alikilamba hivyo hivyo, kwa ulimi ule wa msasa, na nyuma yake wamefuatana majike wawili na ndama, wote hai, wote na weupe wa tumboni wa mama yao.

"Aa! Anakupenda huyo," mzee akasema, akija na fimbo yake, amefurahi. "Huyu ndiye aliyemtoa Milembe hapa. Mimi nilikuwa nimekataa, nikawaambia kwa mwaka huu siwezi kupokea mifupa. Baba yako akaniletea huyu na wanawe. Akaniambia, usije ukamchinja, huyu ana uzao."

Nikamtazama mama. Nilitegemea kuona mshangao, nilikuwa nauhitaji ule mshangao kuliko maji. Mama alikuwa ameinama, anamfunika mtoto ambaye tayari alikuwa amefunikwa.

"Kabula," akasema taratibu bila kuinua uso. "Tuko kwa watu."

Basi. Ukiwa kwa wakwe hufungui mdomo ukawaambia kwamba mahari waliyopokea ni ya wizi. Ningemwaibisha Milembe kitandani kwake, na mtoto mchanga, na Shija ambaye, nilijiambia, hajui chochote. Nilishikilia hilo kwa nguvu zote: Shija hajui. Angejua asingenitandikia ile ngozi. Usiku walileta maziwa ndani ya kibuyu, na mke wa mzee akanimiminia mimi kwanza kwa kuwa ni mgeni, akasema ni ya yule rafiki yako. Nikayanywa. Yalikuwa matamu, na nilipomaliza nikasema asante sana, nikaongezewa.

Nyumbani sikungoja hata kunawa miguu. Baba alikuwa anachonga mpini wa jembe. Nikamwambia nimemwona Rubani. Aliendelea kuchonga kidogo, kisha panga likatulia.

"Shija angekwenda," akasema. "Alikuwa ameshaniambia, nisipomwolea huyo msichana anahamia Geita kwenye machimbo. Na hata angebaki, mji hauendeshwi na mtoto wa kike. Wewe ungeruka huko, ungeolewa huko, ungekuwa wa watu. Yeye ndiye wa hapa."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia ungenichukia."

"Ukaniletea ngozi!"

"Ndiyo," akasema, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu anayeeleza bei ya pamba. "Niliona ni nafuu umlilie ng'ombe. Kifo hakina mtu wa kumlaumu."

Sijawahi kusikia maneno makatili kama hayo yakisemwa kwa upole kama ule. Nikaingia chumbani, nikaikunja ngozi, nikaitupa darini. Matokeo yalitoka mazuri. Baba alichinja kuku. Shija alikuja na mkewe kunipongeza, akanizungusha uani kama mtoto, akapiga kelele, "Rubani wetu!" Wazee wakatazama chini. Mimi nikacheka kwa ajili yake. Nilikwenda kidato cha tano, nikaenda chuo cha ualimu kwa sababu huko kulikuwa na mkopo, na leo nawaeleza watoto wa Bariadi jinsi bawa linavyoinua ndege. Naeleza vizuri. Mkaguzi mmoja aliwahi kuniambia utadhani nimewahi kuiendesha.

Na miaka yote hiyo sikumwambia Shija. Watoto wake wakawa wananiita shangazi, nikiwanunulia sare za shule, nikimwangalia Milembe akichota maji na kuwaza, huyu amekuja nyumbani kwetu kwa ng'ombe wangu na hajui, mume wake hajui, acha wawe na amani. Nilimnyima baba simu zangu, nikamnyima mama vicheko vyangu, lakini kwa kaka yangu nilikuwa mtu mzima, kamili. Kwenye nyumba ile nilikuwa nimembakiza mmoja.

Baba tumemzika mwezi uliopita. Nililia, nisidanganye; nililia machozi ambayo sikuweza kuyatenganisha, yapi ya kumpenda na yapi ya hasira. Juzi Shija akaja hapa kwa pikipiki, ngozi imefungwa nyuma. Walikuwa wanasafisha darini.

Nikamtengea chai. Hakunywa. Alizungusha kikombe, akasema mzee ameshaondoka na yeye hawezi tena kubeba kitu kile peke yake.

"Kabula, yule ng'ombe wako hakufa."

"Najua," nikasema. Nikahisi kifua kinafunguka. Nikadhani hatimaye baba alimwambia kabla hajafa, na sasa tungelia pamoja, wawili tulioibiwa. "Nilimwona kwa wakwe zako. Zamani. Sikutaka kukuumiza."



"Mimi ndiye niliyemswaga kumpeleka," akasema. "Mzee alikuwa anaogopa. Hata la ngozi lilikuwa wazo langu. Nilizunguka machinjio ya Lalago asubuhi nzima natafuta nyekundu yenye weupe tumboni. Zilikuwa zimejaa, wanazigawa karibu bure, lakini nyingi hazikufanana. Nilitafuta inayofanana kweli, Kabula. Sikutaka uletewe yoyote tu."

Alisema vile akitaka nimshukuru. Sidhani alijua, ila ndivyo uso wake ulivyokaa. Nikasimama nikachukua kikombe chake kikiwa kimejaa, nikaenda kukimwaga, nikakiosha, nikakifuta, na niliporudi alikuwa ameshaelewa kwamba ugeni umekwisha. Ngozi akaiacha barazani.

Jana jioni amenipigia. Tukaulizana watoto, tukaulizana mvua. Kisha akauliza kama mzee nimemsamehe.

Nikamwambia mzee nimemsamehe. Akangoja la kwake, namsikia anavyopumua. Nami nikanyamaza, mpaka salio lake likaisha.